Narsisi Chini ya Mtungi

Mwalimu Onesmo Maige alikuwa amefukuzwa nyumbani kwake na heshima. Hakuna aliyemtolea neno baya wala aliyemwonyesha mlango. Mama mkwe wake, Bibi Mbuke, alipowasili Segese kutoka kwake Bugarama kumlea binti yake aliyetoka kujifungua, Onesmo alikunja mkeka, akachukua wembe wake wa kunyolea na vitabu vya shule, akahamia ng'ambo ya njia kwa Maganga fundi baiskeli. Katika nchi ile mwanamume hakulala chini ya paa moja na mama wa mkewe. Hakumtazama usoni, hakumtamkia neno ana kwa ana, wala hakutia mguu katika jiko alilopikia. Hayo Onesmo aliyajua tangu utoto, na hayakumuudhi. Kilichomnyima usingizi ni kwamba ndani ya jiko hilo, katika mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, alikuwa ameficha kitu, na kitu hicho kilikuwa sumu.

Hakukificha kwa ubaya. Padri Yan, Mholanzi wa misheni aliyekuwa akipita Segese kukagua shule, alirudi kutoka likizo ya kwao na mfuko wa karatasi uliojaa vitunguu vya maua. Maua yenyewe aliyaita narsisi. Onesmo aliwahi kuyaona katika kalenda iliyotundikwa ukutani kwa Padri: ua la manjano, na katikati yake kikombe kidogo chenye ukingo wa marinda, kana kwamba fundi cherehani amelishonea sketi. Alilitazama kila alipokwenda huko, akijifanya anatafuta tarehe. Alikuwa mtu wa kupenda vitu visivyo na faida ya haraka, na katika Segese ya mwaka 1954, ambako kila tuta lilikuwa la pamba, mtama au mihogo, upendo wa namna hiyo ulihitaji ujasiri.

"Kwangu vimeoza vyote, mwaka baada ya mwaka," Padri alimwambia, akimkabidhi mfuko mzima. "Pengine mikono yako ina bahati kuliko yangu. Viweke mahali pa baridi mpaka mvua zianze. Visipoonja baridi haviamki. Na unisikilize vizuri, Mwalimu: visiliwe. Mwaka wa mwisho wa vita, njaa ilipotubana kwetu, tulikula mizizi ya maua ya aina nyingine, tukaishi. Jirani yetu mmoja akaichanganya na hii. Watu wazima walitapika kutwa. Mtoto wao mdogo hakuamka."

Serafina, mkewe, ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kutimia, alicheka mpaka akashika kiuno. "Kitunguu kisicholiwa! Wenzako wanapanda kinachoingia chunguni, wewe Mwalimu utatupikia harufu?"

Lakini baridi ya Segese mwezi wa tisa mtu angeipata wapi? Ardhi ilikuwa imepasuka, upepo uliotoka mbugani ulichoma kama pumzi ya tanuri, na ndani ya ghala vitunguu vilianza kulegea. Serafina alipopelekwa zahanati kujifungua, Onesmo akabaki peke yake. Siku moja aliingia jikoni kunywa maji, mkono ukagusa mchanga ambao mtungi uliketi juu yake. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, maana jasho la mtungi liliulowesha usiku na mchana. Akavifukia hapo vitunguu vyake vyote, akausawazisha mchanga kwa kiganja, akatoka akijisifu moyoni. Alichokuwa hajui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha mwanamume jambo hilo, ni kwamba mchanga wa chini ya mtungi ni ghala la mwanamke. Humo hufukia mihogo mibichi isiharibike, na tangawizi, na chochote anachotaka kidumu na ubichi wake.

Kabla hajavihamisha, Serafina alirudi na mtoto wa kiume, na Bibi Mbuke akaja pamoja nao. Mlango wa jiko ukafungwa kwake.

Mtu atauliza kwa nini hakusema. Onesmo mwenyewe alijiuliza kila alipolala kwa Maganga akinusa mafuta ya minyororo. Jibu lilikuwa na jina: Nyamizi. Huyo alikuwa dada mkubwa wa Serafina, aliyefariki nyumbani kwa mumewe akiwa bado na kichanga kifuani. Ndugu zake walipochimba kizingiti cha nyumba ile waliibua pembe iliyofungwa kitambaa cheusi. Tangu hapo, katika ukoo wa Bibi Mbuke, kitu kilichofukiwa ndani ya nyumba ya mzazi hakikuwa na jina lingine ila uchawi. Serafina alipoolewa, kaka yake, Jilala, alitamka mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Tukisikia kitu kimezikwa katika nyumba hii, hatutauliza maswali. Tutamchukua dada yetu na watoto wake." Onesmo aliitikia kwa kichwa. Wakati huo hakuwa na cha kuzika.

Kwa hiyo asiposema, huenda wakala. Akisema, watamchukua mkewe na mwanawe.

Njia ya kusema ilikuwepo. Kila asubuhi Onesmo alisimama nje ya ua wa minyaa, akitazama mawingu yasiyokuwepo, na Bibi Mbuke, akiwa ameipa njia mgongo, alizungumza na jogoo wake mwekundu.

"Wewe jogoo, mwambie mwenye nyumba kuni zimekwisha."

"Jogoo, sema kuni zitakuja kabla jua halijazama."

"Jogoo, mwulize mbona anakonda. Huko kwa fundi analishwa mipira ya baiskeli?"

Serafina alisikika akicheka chumbani. Onesmo naye alitabasamu, akaona nafasi imefunguka.

"Jogoo," alisema, "mwambie Mayu, mama yetu, kwamba jikoni, chini ya mtungi…"

Mgongo wa Bibi Mbuke ulinyooka. Ungo aliokuwa akipepetea ulisimama hewani.

"Chini ya mtungi kuna nini?" aliuliza, na safari hii hakumtaja jogoo.

Onesmo aliisikia katika sauti ile pembe yenye kitambaa cheusi. Ulimi ukamgeukia.

"Siafu," akasema. "Niliona siafu wakipita hapo. Wasije wakamfikia mtoto."

Ungo ukaanza tena kupepeta. "Jogoo, mwambie asante. Nitachimba nitie majivu."

Onesmo alivuka njia. Maganga, aliyekuwa amepakata gurudumu, alimtazama kwa jicho moja.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia siafu."

"Siafu!" Maganga aliweka gurudumu chini. "Mwalimu mzima! Mtu akikuambia kuna siafu, wewe unafanya nini? Si unachimba?"

"Atakuta vitunguu, atavitupa."

"Au atapiga yowe mpaka Bugarama wasikie. Nenda kamwambie sasa hivi. Mwoga hufa mara nyingi, bwana."

"Jumapili Jilala anakuja kwa sherehe ya kumtoa mtoto nje. Nitamwambia Jilala kwanza, mwanamume kwa mwanamume, naye amwambie mama yake kwa taratibu."

"Jumapili," Maganga alirudia, akichukua tena gurudumu lake. "Haya. Mwombe Mungu jiko lote lifunge kula mpaka Jumapili."

Yowe halikupigwa. Siku zilipita kimya, na kimya hicho kilimla Onesmo kuliko yowe. Darasani aliandika ubaoni sentensi isiyokuwa na kitenzi na hakugundua. Kila moshi ulipopanda kutoka jikoni kwake alisimama dirishani akiutazama, kana kwamba rangi yake ingemwambia kilichomo chunguni. Jioni alisikiliza kilio cha mtoto, na kikichelewa, alitoka mpaka ukingo wa njia. Kisha kilio kikaja, chenye nguvu, na yeye akakaa chini akiwa hana hata haya ya kushukuru.

Jumapili Jilala alishuka kutoka kwenye lori la pamba akiwa amevaa miwani myeusi na buti za Mwadui, alikofanya kazi katika mgodi wa almasi. Aliandamana na binamu zake wawili, na wote watatu walikuwa wamekwisha kuonja pombe njiani. Uani palikuwa na mkeka mpya, ndugu wa pande zote mbili, na majirani. Jogoo mwekundu hakuonekana.

"Shikamoo, shemeji Mwalimu!" Jilala alisema, akijua wazi kwamba yeye ndiye mkubwa. Watu wakacheka. "Bado unawafundisha watoto wa watu kuhesabu vidole? Njoo Mwadui nikupe koleo. Kule tunachimba ardhi inayong'aa."

"Shemeji, nina neno nawe. Pembeni kidogo."

"Neno kabla ya kuku? Hata kanisani huanza nyimbo."

"Ni neno zito, Jilala."

Jilala alishusha miwani. Kicheko kilimtoka usoni polepole, kama maji yanayonyonywa na mchanga. "Zito la namna gani? Dada yangu mzima?"

"Mzima."

"Mtoto?"

"Mzima. Ni kuhusu…"

Hapo ndipo wanawake walipoangua kicheko jikoni, na sauti ya Bibi Mbuke ikapanda juu ya zote.

"Njooni muone vitunguu vya mkwe wangu! Nimekata kikapu kizima na chozi halijanitoka! Mchoyo yule, alivificha chini ya mtungi akanidanganya ni siafu! Niliviweka makusudi mpaka leo, avikute kwenye mchuzi aone haya. Vitunguu gani hivi, havilizi mtu, ila mikono inawasha kama nimeshika upupu!"

Yeye ambaye Onesmo alimwogopa kwamba angeona uchawi, alikuwa ameona kitunguu tu.

Onesmo aligeuka. Bibi Mbuke alikuwa akitoka jikoni, amebeba bakuli la udongo kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni. Mchuzi wa kwanza ulikuwa wa mzazi. Alikuwa akiupeleka chumbani kwa Serafina. Palikuwa na uwanja mdogo tu kati ya jiko na mlango wa nyumba, na Bibi Mbuke alikuwa amekwisha kufika katikati.

"Serafina, usile!" Onesmo alipiga kelele, na miguu yake ikatangulia sauti.

Watu walioketi mkekani walisimulia baadaye kwamba hawakuelewa walichokiona. Waliona mwanamume anamkimbilia mama mkwe wake mbele ya ukoo wote, macho yake yakiwa usoni mwake. Waliona mkono wake ukipiga bakuli. Bakuli likaanguka likapasuka, mchuzi ukaruka, ukamlowesha Bibi Mbuke kanga yake yote, na vipande vyeupe vya vitunguu vikatawanyika vumbini. Bibi Mbuke alibaki amenyoosha mikono mitupu. Kisha akajifunika uso.

"Umempiga mama," Jilala alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyaamini. Alikuwa tayari ameshika fimbo.

"Ni sumu. Vitunguu hivi ni sumu. Ni vya maua, si vya kula."

"Nani ameweka sumu chini ya mtungi wa dada yangu?"

Ua wote ulikuwa ukimsikiliza. Onesmo alijua kwamba neno lake moja linatosha, na kwamba safari hii hakuna siafu wa kumwokoa.

"Mimi," alisema.

Mlango wa nyumba ulifunguliwa. Serafina alisimama kizingitini na mtoto kifuani, bila kungoja kutolewa nje kwa taratibu yoyote. Alitazama mchuzi uliomwagika, kisha mumewe.

"Mwalimu. Ulijua vimo humo? Siku zote hizi?"

"Nilijua."

Serafina alirudi ndani akafunga mlango, na sauti ya komeo ilimuumiza Onesmo kuliko fimbo ya kwanza ya Jilala, iliyomwangukia begani wakati huohuo. Ya pili ilikingwa na Maganga. Binamu walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa akisema jina la Nyamizi, na jina hilo lilipita kutoka mdomo hadi mdomo kama moto katika nyasi kavu.

"Nipigeni baadaye," Onesmo alisema. "Mwulizeni kwanza Mayu kama ameonja."

Fimbo ikashuka. Wote wakamgeukia Bibi Mbuke, ambaye bado alikuwa amejifunika.

"Mpishi gani haonji?" sauti yake ilitoka chini ya kanga. "Nimeonja. Nimeonja na kurudia, maana utamu haukutokea." Akapiga hatua kuelekea kivulini, akainama, akatapika.

Jilala alitupa fimbo. Alimshika mama yake mabega, akaanza kutoa amri zilizopingana: aitwe mganga wa ng'ambo ya mto, hapana, lisimamishwe lori. Lakini lori lilikuwa limekwisha kuondoka, na mganga alikuwa mbali kuliko zahanati.

"Ninayo baiskeli," Onesmo alisema.

"Wewe? Umpakie mama yangu? Mgongo wako umguse?" Jilala alimzibia njia. "Hujamtia aibu ya kutosha?"

"Basi mpakie wewe."

Almasi Jilala alijua kuchimba. Baiskeli hakujua kupanda, na kila mtu pale alilijua hilo. Maganga angeweza, lakini baiskeli zake zote zilikuwa vipande vipande, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

Bibi Mbuke aliinuka kwa taabu. Akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga. Tangu Serafina aolewe hakuwahi kumsemesha mkwewe bila jogoo, ukuta au kinu katikati.

"Mwalimu," alisema, "baiskeli yako iko wapi?"

Walimkalisha juu ya gunia lililokunjwa kwenye kifaa cha kubebea mizigo, akiwa ameelekea nyuma, mgongo wake umegeukia mgongo wa Onesmo, wakamfunga kwa kanga kiunoni ili asianguke. Hivyo angalau macho yao hayangekutana. Jilala na binamu zake walifuata mbio kwa miguu, fimbo mikononi, mpaka vumbi likawafunika na kuwaacha.

Njia ilikuwa ngumu, yenye nyufa za mbuga zilizokuwa tayari kumeza gurudumu. Onesmo alikanyaga pedali huku akisikiliza nyuma yake. Alisikia pumzi. Alisikia kutapika, mara moja na tena, na kila mara alipunguza mwendo, na kila mara sauti ile ilimwambia, "Twende." Kisha ikakaa kimya kwa muda mrefu, na kimya hicho kikamfanya asimame kabisa.

"Mayu?"

"Nipo." Baadaye kidogo: "Nitakufa?"

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amechoshwa na uongo. "Sijui. Padri aliniambia watu wa kwao walivila wakati wa njaa. Wakubwa walitapika kutwa, wakapona."

"Na wadogo?"

Onesmo alihisi mgongo wa Bibi Mbuke ukiegemea wake, mzito na wa moto.

"Angenyonya," alisema Bibi Mbuke. "Serafina angekunywa, naye angenyonya." Kisha, kama mtu anayezungumza na njia inayokimbia mbele ya macho yake, akauliza, "Wazungu nao walilala na njaa?"

"Wakati wa vita. Walikula mizizi ya maua."

"Mwaka ule wa ukame sisi tulichemsha mizizi ya porini, maji saba, mpaka uchungu utoke. Mama aliyekosea alizika watoto. Kwa hiyo najua kuna mzizi wa kula na mzizi wa kuua, Mwalimu. Ungeniambia nisingevipika. Kanyaga."

Alikanyaga.

Dresa, mhudumu wa zahanati, alimnywesha Bibi Mbuke maji ya chumvi mpaka alichobakiwa nacho kikatoka, akamlaza mkekani na kumpa dawa ya kutuliza tumbo. Onesmo alikaa nje, mgongo ukutani. Jilala alifika akitweta, akakaa upande wa pili wa mlango, fimbo mapajani. Kila dresa alipotoka, wote wawili walisimama, na kila alipotikisa kichwa kwamba bado, wote wawili walikaa. Jua lilikuwa likielekea magharibi dresa alipotoka akifuta mikono.

"Anataka uji," alisema. "Na anataka kuzungumza na ukuta. Sijaelewa hilo la ukuta."

Onesmo alilielewa. Alisogea mpaka chini ya dirisha, akasimama nje.

"Wewe ukuta," sauti ilikuwa dhaifu lakini imetulia, "mwulize mkwe wangu kwa nini hakusema."

"Ukuta, sema niliogopa. Angedhani nimezika kitu."

"Ningedhani. Ningemfungasha mwanangu siku ileile."

Onesmo hakutarajia kukubaliwa haraka hivyo. Ilikuwa kama kusukuma mlango ambao haukufungwa.

"Kwa hiyo ukangoja," Bibi Mbuke aliendelea. "Ulingoja nini? Tushibe?"

Jilala alicheka kwa uchungu. Onesmo aliinamisha kichwa.

"Ukuta, mwambie hivi. Serafina na mtoto wataondoka nami kesho. Jilala, usimpige tena. Bega lake limenibeba. Mkwe wangu, nilipochimba niliviacha mchangani vidogo vitatu, nikasema vikue. Uvitoe. Uvipande katikati ya ua, mahali kila apitaye aone, na usivifunike. Kikitoa ua kama unavyosema, nitajua mkwe wangu ni mjinga tu, na mjinga huishi na mkewe. Kisipotoa ua, nitajua ulizika nini."

Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja. Onesmo alipanda vitunguu vitatu katikati ya ua mtupu, akaviwekea duara la mawe, na Segese yote ikapata mahali pa kutazama. Wengine walipita mbali. Wengine walisimama wakatema mate, wakaenda zao. Yeye alilala tena nyumbani kwake, ambako sasa hapakuwa na mtu wa kumheshimu kwa kumkimbia, akajua kwamba nyumba inaweza kuwa na mwangwi hata ikiwa ya udongo.

Kimoja kilioza. Alikifukua, akakuta ute wenye harufu mbaya. Cha pili kilitoa majani, membamba na yaliyosimama, ya kijani chenye vumbi. Maganga aliyatazama kwa muda.

"Bwana, haya ni majani ya kitunguu."

"Najua."

"Yaani mimi ni rafiki yako, lakini haya ni ya kitunguu."

Majani yalirefuka, yakalala, yakaanza kuwa manjano kwenye ncha. Hayakuleta kitu. Cha tatu kilichelewa kuliko vyote, na kilipotoka kilitoka kifupi, kimejikunyata karibu na ardhi, kana kwamba kinaogopa kusikilizwa. Onesmo alipiga magoti asubuhi na jioni. Kati ya majani aliona kitu kilichovimba, chenye ganda jembamba kama la kitunguu. Hakumwambia mtu. Kisha asubuhi moja, mvua ya usiku ikiwa imekatika, ganda lilikuwa limepasuka.

Ua lenyewe lilikuwa dogo. Shina lake halikufika urefu wa kiganja, na kikombe chake kilikuwa kimekunjamana upande mmoja. Lakini lilikuwa la manjano, na lilikuwa na marinda. Onesmo hakulifurahia hata kidogo; alitazama jua. Kwa joto lile lisingeuona usiku. Na kulikata hakungefaa, maana ua lililokatwa mtu yeyote angeweza kuliomba misheni. Lazima lionekane likiwa na mzizi wake, kitunguu kilekile, udongo uleule.

Alilizungushia jembe kwa mbali, akaliinua na bonge zima la udongo, akaliweka katika debe lililokatwa, akalifunika kwa kitambaa kilicholowa maji. Debe akalifunga pale alipoketi Bibi Mbuke. Shule ingemsubiri, au isimsubiri.

Mbuga ya kuelekea Bugarama ilikuwa imegeuka tope jeusi lishikalo kama ulimbo. Palipokuwa na nyufa sasa palikuwa na madimbwi. Alisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Kila aliposimama alichungulia chini ya kitambaa, akanyunyiza maji kwa vidole, akaendelea. Jua lilipanda. Kwenye kivuko cha kijito gurudumu la nyuma liliteleza, baiskeli ikaanguka upande, na yeye akajitupa chini ya debe ili limwangukie kifuani. Alilala topeni, amelikumbatia, akiogopa kufunua. Alipofunua aliona jani moja la ua limening'inia, na jingine limechanika. Kikombe kilikuwa bado kimesimama.

Alifika kwenye ua wa minyaa wa Bibi Mbuke akiwa na tope mpaka nyusi. Hapo akasimama. Mila ilikuwa imerudi mahali pake, na yeye hakuwa na haki ya kuingia. Aliliweka debe juu ya kisiki nje ya lango, akaondoa kitambaa, akageuza uso kuelekea alikotoka, akakohoa.

Ndani ya ua kinu kiliacha kutwanga. Nyayo zilikuja polepole, zikasimama. Onesmo alisikia nyuki mmoja akizunguka debe, akitua, akiondoka, akitua tena.

"Wewe kuku," Bibi Mbuke alisema hatimaye, "mwulize mtu huyu, kitu chenyewe ndicho hiki?"

"Kuku, sema ndicho."

"Kidogo hivi?"

"Kilikosa baridi, Mayu."

"Kuku, mwulize kama hiki kidogo hivi ndicho nusura kizike watu watatu."

"Ndicho."

Akasikia anainama. Akasikia pumzi yake karibu na ua, akinusa, kisha chafya. Mlango wa nyumba ukalia, na Onesmo, bila kugeuka, akatambua mwendo wa Serafina, mzito kidogo upande mmoja kama wa mtu aliyempakata mtoto nyongani. Alisimama nyuma yake. Hakumgusa.

"Mwalimu," Serafina alisema, "siku nyingine ukificha kitu, mimi ndiye wa kwanza kujua. Umesikia? Kabla ya Maganga. Kabla ya jogoo."

"Nimesikia."

"Geuka basi umtazame mwanao. Mama ameingia ndani."

Aligeuka. Mtoto alikuwa amenenepa. Alimtazama baba yake mwenye tope kwa mashaka makubwa, kisha akatazama nyuki. Kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika mpaka njiani, Bibi Mbuke alikuwa akimwambia kuku kwamba mizigo ya Serafina ya kurudi kwake imekwisha kufungwa, kwamba debe lile libaki papo hapo kwenye kisiki mpaka Jilala aje alione kwa macho yake bila miwani, na kwamba bakuli lake lililovunjika Segese halijasahaulika.